Kona ya Nne

"Picha haihesabiki," baba alisema, akairudisha karatasi mezani kama mtu anayerudisha dukani nguo iliyombana.

Karatasi ile ilikuwa na msimbo wa QR, ule mraba wa madoa meusi na meupe ambao siku hizi umebandikwa kila mahali ili watu waupige kwa simu. Binti yake alikuwa ameuchapisha mkubwa hadi ukajaza ukurasa mzima, na alidhani kazi imeisha. Hospitali ilitaka mraba huo uwekwe kwa vigae kwenye ukuta wa ukumbi wa kusubiria, upana wa mita mbili, mgonjwa akifika tu aupige kwa simu apate namba ya foleni. Ule wa karatasi ulikuwa umeshachanwa mara tatu, na wa nne ulichorwa masharubu. Katibu wa hospitali akachoka, akasema kiwekwe kitu kisichochanika.

Baba alikuwa anaitwa Timazi. Jina lilitokana na kile kichuma kinachoning'inizwa kwa uzi, ambacho mafundi hupimia kama ukuta umesimama wima. Nalo lilimkaa vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mgumu kupinda. Alikuwa na miaka arobaini kazini, na alipenda kuwaambia watu, wawe wameuliza au hawakuuliza, kwamba kigae chake hakijawahi kulegea. Lakini miaka miwili hii ya mwisho alikuwa akiitwa vyooni tu. Kumbi na sakafu kubwa walipewa vijana wenye vipimo vya kumulika mwanga mwekundu. Sasa Katibu alikuwa amemwambia bila kuzunguka: ukuta ukipendeza na ukafanya kazi yake, sakafu ya jengo jipya, vyumba kumi na vinane na korido zake, ni yako.

"Unataka nini basi, baba?" binti aliuliza.

"Nataka safu. Safu ya kwanza vyeusi vingapi, vyeupe vingapi. Ya pili hivyohivyo, mpaka mwisho. Nikianza kuhesabu vidoa kwenye picha huku gundi inakauka kwenye mwiko, tutazeekea pale."

"Wewe umeshazeekea hapa," shangazi alisema kutoka kwenye kochi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Alikuja kuwatembelea kwa wiki mbili, miaka sita iliyopita. Majirani wakimuuliza binti wa kaka yake anafanya kazi gani, hujibu, "Yupo yupo tu, na kompyuta." Ukweli ni kwamba binti alikuwa mwandishi wa programu, na kampuni mbili zilikuwa zikimlipa kila mwezi bila kumwona uso. Lakini alifanyia kazi mezani pale sebuleni, akiwa na kanga begani na kikombe cha chai mkononi, na mtu anayefanya kazi hivyo nyumbani kwenu utamtuma kitunguu bila kufikiri mara mbili.

Baba mwenyewe hakuwa na dharau. Alikuwa na neno moja la heshima, "fundi", na alimpa kila aliyejua kazi yake, kuanzia wa mabomba hadi mama wa mtaa wa nyuma anayesuka nywele. Mke wake, aliyeshona nguo kwenye chumba cha mbele, aliitwa fundi hata wakiwa wanagombana. Binti alikuwa hajaitwa hivyo hata siku moja. Kazi isiyochafua mikono wala kuacha kitu cha kugusa, baba alikuwa hajui aiite nini, basi alikuwa haiiti.

*

Binti hakulazimika kuanza na ukurasa mtupu. Ipo maktaba ya programu, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na watu asiowajua na kuachwa wazi kwa yeyote anayeitaka: unaipa maneno, inakupa mraba wake. Maktaba hiyo ilijua kutoa picha za aina nne tano. Haikujua kutoa safu za fundi wa vigae, kwa kuwa miongoni mwa wote walioiandika hakuna aliyekuwa na baba kama huyu. Lakini walikuwa waungwana, wameacha mlango. Ukitaka umbizo lako mwenyewe, yaani sura ya matokeo unayoitaka, unaandika kipande cha kuieleza maktaba ianze vipi, ikifika kwenye kila doa ifanye nini, na imalize vipi. Mengine inajua.

Aliandika kipande hicho asubuhi moja, kati ya kutumwa kitunguu na kutumwa chumvi. Kikatoa karatasi nadhifu: Safu ya 1, vyeusi saba, cheupe kimoja, vyeusi viwili, na kuendelea hadi safu ya ishirini na tano. Alijisikia vizuri, akaipeleka uani.

Baba alikuwa amekusanya vipande vya vigae vilivyobaki kwenye kazi za zamani. Akavipanga chini kwa kufuata ile karatasi, vikavu bila gundi, akianzia miguuni pake kwenda mbele, kama anavyoanzia chini ya ukuta kwenda juu. Ilimchukua siku nzima. Walipomaliza, binti alisimama juu ya kigoda, akaelekeza simu. Simu ikatazama, ikatazama, ikakaa kimya.

"Labda haina salio," shangazi alisema.

Binti alishuka, akaizunguka kazi ile mara mbili, ndipo akaona. Karatasi yake ilianzia safu ya juu, kama mashine inavyosoma. Baba alianzia chini. Mraba mzima ulikuwa umepinduliwa.

"Baba, safu ya kwanza ni ya juu."

"Ya juu ndiyo ya kwanza? Nyumba gani inajengwa kuanzia paa?"

Binti alijua hakuna nyumba ya namna hiyo. Akakaa kwenye kigoda, akafungua kompyuta mapajani, akaanza kufuta na kuandika.

"Na ile kona ya juu kulia," baba alisema, akinyoosha mwiko, "mbona iko tupu? Hizi tatu zina miraba mikubwa, ile haina."

"Yote yatakaa sawa nikishageuza," binti alisema bila kuinua macho.

Hakuwa anadanganya, ila alikuwa anajibu swali jingine. Msimbo wa QR una miraba mikubwa kwenye kona tatu tu, na ile ya nne huachwa wazi makusudi, ili simu ijue upande gani ni juu na upande gani ni chini. Binti alilijua hilo kiasi kwamba halikumpitia akilini kuwa kuna mtu wa kuambiwa.

Karatasi ya pili ilianzia chini kwenda juu. Tena, kwa kuwa fundi wa vigae haanzii pembeni bali huweka kwanza kigae cha katikati kisha akaenda pande zote mbili, aliandika kila safu hivyo: cha kati, kumi na viwili vya kulia, kumi na viwili vya kushoto. Aliijaribu mwenyewe kwenye kompyuta, ikasoma. Baba aliipitia kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, midomo ikimchezacheza.

"Hii sasa ni karatasi ya kazi," alisema. Binti alingoja kidogo, akidhani lipo neno linalofuata. Halikufuata.

"Tuijaribu tena chini?"

"Mara ya pili naiweka ukutani. Mimi sitandiki kitu mara tatu."

*

Alhamisi binti alikwenda hospitali kuangalia. Kazi ilikuwa imefika nusu, kila kigae mahali pake, mianya imenyooka utadhani imechorwa kwa rula. Ijumaa kampuni moja ilimbana na kazi yake. Jumamosi baba alirudi saa kumi na moja jioni akiwa na gundi kwenye nyusi na uso wa mtu aliyemficha mwenzake zawadi.

"Imekwisha," alisema. "Katibu ameshaifunika kwa shuka. Haifunuliwi mpaka Jumatatu, mgeni rasmi afunue mwenyewe."

"Nilitaka niijaribu kwa simu kwanza."

"Ukumbi umefungwa, wanapaka rangi milango. Tulia. Palikuwa na kasoro ndogo, nimeimaliza mwenyewe."

"Kasoro gani?"

"Ndogo. Kule kule kazini imeishia." Akampigapiga begani. "Wewe bado mchanga, hutakiwi uanze kwa kuchekwa."

Binti alidhani ni kigae kilichovunjika. Akaenda kumchemshia baba yake maji ya kuoga, roho yake imetulia kabisa.

*

Jumatatu walivaa. Baba alitoa koti ambalo mara ya mwisho lilionekana kwenye harusi, mama akamkunjulia kola, na shangazi akatangulia kukaa kiti cha mbele kilichoandikwa "Wageni". Wagonjwa wa siku hiyo walisogezwa nyuma ili wasiharibu shughuli. Mgeni rasmi alizungumza kwa muda mrefu juu ya siku za usoni, Katibu akazungumza juu ya mgeni rasmi, kisha shuka likavutwa.

Watu walipiga makofi kabla ya kujua wanachopigia. Ulikuwa ukuta mzuri, hilo lazima lisemwe. Weusi ulikuwa mweusi, weupe mweupe, na mistari ilikwenda bila kutetereka kutoka sakafuni hadi juu ya vichwa vya watu. Na kila kona, ya juu kulia na ya juu kushoto, ya chini kushoto na ya chini kulia, ilikuwa na mraba wake mkubwa uliokamilika.

Binti alihesabu mara moja. Akahesabu tena, kwa matumaini kwamba amesahau kuhesabu.

"Baba," alinong'ona. "Ile kona ya chini."

"Umeona?" baba alinong'ona, shingo imesimama kwa fahari. "Uliisahau tena. Siku ile uani ilikosekana juu, ukasema umerekebisha, kumbe imehamia chini. Na pale karibu kulikuwa na kimraba kidogo kimekaa ndani ndani, kama kinaogopa kona. Nilipomaliza safu ya juu nikarudi nyuma kutazama, ndiyo nikaona. Nikang'oa vigae sitini na vinne kabla gundi haijakomaa, nikaweka mraba kamili kama wenzake. Sikutaka watu wakucheke."

Mgeni rasmi alikuwa ameshatoa simu. Aliielekeza ukutani akiwa anatabasamu kwa ajili ya picha. Tabasamu likakaa, likachoka. Akasogea mbele, akarudi nyuma. Katibu akatoa yake, ikakataa vilevile. Wagonjwa kule nyuma, ambao muda wote walikuwa wamekaa kimya, wakaanza kutoa simu zao mmoja mmoja, kila mtu akitaka kuona kama yake nayo itakataa. Zote zilikataa, na ukumbi ukaingiwa na furaha ile ndogo mbaya ya watu waliongojeshwa sana.

"Fundi," Katibu alisema kwa sauti ya kusikika, "kuna nini hapa?"

Watu wote wakamgeukia mzee mwenye koti la harusi. Naye akageuka taratibu, akamtazama binti yake kwa huruma kubwa. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anajua kwamba programu ya binti ina matatizo, na alikuwa amefanya kila alichoweza.

Binti aliona vyumba kumi na vinane na korido zake. Alimwona baba yake akirudi kwenye vyoo vya watu, amepiga magoti nyuma ya sinki.

"Kosa ni la programu yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyempa hesabu mbaya. Kazi ya fundi haina dosari."

"Ah, kompyuta hizi!" mgeni rasmi alisema, na watu wakapumua, wakacheka. Kompyuta ikikosea hakuna anayeona haya. Katibu alituma mtu ofisini, akaja na msimbo wa karatasi na gundi ya utepe, wakaubandika kando ya ule wa vigae. Simu zikasoma papo hapo. Foleni ikaanza kusonga, na mtu wa kwanza kupata namba alikuwa shangazi, ambaye hakuwa anaumwa.

*

Kazi ya sakafu baba alipewa wiki ileile. Katibu alisema ukuta ubaki hivyo hivyo, umependeza mno, wa karatasi utafanya kazi na wa vigae utapamba.

Nyumbani binti alifarijiwa. Afadhali angetukanwa. Baba alimsimulia makosa ya ujana wake, moja kila siku wakati wa chakula, ili ajue kwamba hata wakubwa walianza vibaya. Shangazi aliwaeleza majirani kwamba kompyuta imemwangusha mtoto mbele ya watu wazito, maskini, na majirani wakaja kumpa pole kama mtu aliyefiwa. Mmoja alimshauri ajaribu ushonaji kwa mama yake. Binti aliitikia yote, akijikaza kisabuni. Alikuwa ameamua jambo lile liishie kwake, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kuamua kunafanyika upya kila asubuhi.

Mama peke yake hakumpa pole. "Siku ile ulikubali haraka mno," alisema akiwa anatunga uzi kwenye sindano. "Wewe si mtu wa kukubali." Binti akainama kuokota vitambaa sakafuni, na mama akaendelea kushona.

Ikapita wiki ya pili. Baba alikuwa anapumzika mchana kwenye ukumbi wa kusubiria, mkabala na ukuta wake, kwa sababu hakuna fundi asiyependa kukaa mbele ya kazi yake. Wagonjwa waliingia, wakaupita ukuta wa vigae, wakaipiga karatasi kwa simu. Aliwatazama siku ya kwanza kwa dharau, siku ya pili kwa uvivu. Siku ya tatu aliinuka akaenda kuisogelea karatasi, na alipoiona vizuri alikaa pale mpaka mtu mmoja akamwambia, "Mzee, samahani, unatuzibia."

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema. Binti alikuwa mezani na kompyuta yake. Baba hakusalimia. Alitoa mfukoni ganda la sabuni, akaliweka mezani. Akatoa kiboksi cha dawa ya kikohozi. Akatoa lebo ya chupa ya maji, imelowa bado, halafu risiti mbili zilizokunjamana. Kila kimoja alikigeuza mpaka upande wenye msimbo ukawa juu.

"Hii sabuni, nani kaandika?"

"Sijui, baba. Watu wa kiwandani."

"Na dawa hii?"

"Wengine."

"Na maji haya. Hawajuani hawa." Aliweka kidole kwenye kona moja baada ya nyingine, zile zilizo tupu. "Kumbe dunia nzima ina kosa lako."

Binti alifunga kompyuta. Shangazi, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, alipunguza sauti ya redio bila kuombwa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu shuka lilipoanguka."

"Ukanyamaza."

"Uliitaka ile sakafu, baba."

"Niliitaka kwa mikono yangu!" Baba alipiga meza, na lebo ya maji ikaruka. "Wiki mbili nakusimulia upuuzi wa ujana wangu, nakubembeleza ule, na wewe unaitikia, 'Ndiyo baba, ndiyo baba'! Umenifanya mzee wa kufichwafichwa! Mzee anayepewa uongo apoe!"

"Na wewe ulinificha. Uling'oa vigae sitini na vinne bila kuniambia."

"Nilikuwa nakuokoa!"

"Ndiyo," binti alisema. "Na mimi pia."

Baba alikaa chini. Alikuwa ameumia kuliko ambavyo angeumia kuchekwa na ukumbi mzima, na ilionekana, kwa kuwa hakujaribu kuificha. Akaokota ganda la sabuni, akalitazama kwa muda mrefu.

"Ningeuliza tena," alisema hatimaye. "Siku ile uani nilikuuliza mara moja. Ningeuliza tena."

"Nilitakiwa nikuandikie. Karatasi ilikuwa na safu zote, haikuwa na neno hata moja juu ya kona."

*

Asubuhi walikwenda kwa Katibu wote wawili. Baba alibaki amesimama ingawa alioneshwa kiti.

"Lile kosa la ukutani lilikuwa langu," alisema. "Hesabu za binti zilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeongeza kona."

Katibu alimtazama, kisha akamtazama binti, na uso wake ukalainika. "Mzee Timazi," alisema, "baba ni baba. Nami nina watoto, nakuelewa."

"Hujanielewa. Nimekosea."

"Binti mwenyewe alikiri mbele ya mgeni rasmi. Imo kwenye kumbukumbu za shughuli. Sasa wewe unataka umbebee." Katibu alitikisa kichwa kwa kuvutiwa. "Wazazi wa namna yako wameisha."

"Ni kweli anachosema," binti alisema. "Nilidanganya."

"Naona mnapendana," Katibu alisema.

Baba aliishika meza ya Katibu kwa mikono miwili. Miaka arobaini watu walikuwa wamemwamini aliposema kazi yake ni nzuri, na leo alikuwa hajui afanye nini ili aaminiwe kwamba imeharibika. "Basi nipe ruhusa ning'oe kona moja," alisema. "Niirekebishe kwa gharama yangu."

"Ukuta umeshazinduliwa rasmi, mzee. Kitu kilichozinduliwa hakivunjwivunjwi. Lazima fomu ya matengenezo, na fomu lazima iwe na sababu." Alifungua droo, akaitoa. "Kuvuja maji. Hitilafu ya umeme. Kitu kulegea kiasi cha kuhatarisha mgonjwa."

"Kukosea haipo?"

Katibu aliipitia tena fomu, kwa nia njema kabisa. "Kukosea haipo."

Binti alimwona baba yake akiikodolea macho ile sababu ya tatu, akajua anachofikiri, akamshika mkono wa koti. "Baba, acha. Ukuta unapamba. Watu wanatumia karatasi."

"Na nikuambie mapema," Katibu alisema, "ukiandika vimelegea, mimi nalazimika kuweka nakala kwenye faili la sakafu. Watakaolisoma watauliza kwa nini tumempa vyumba kumi na vinane fundi ambaye vigae vyake havimalizi mwezi. Sitaweza kukutetea."

"Kigae changu hakijawahi kulegea," baba alisema. Alilisema kwa sauti ya chini, mara hii bila kumwambia mtu yeyote. Kisha akachukua kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, kama mtu asiyezoea kuandika uongo: VIGAE VIMELEGEA. Kwenye mstari wa chanzo cha tatizo akaandika: FUNDI. Akatia sahihi.

*

Ruhusa ilitoka Alhamisi. Ukumbi ulikuwa umejaa, na hakuna aliyesogezwa nyuma safari hii. Baba alipiga magoti mbele ya kona ya chini kulia, akaweka patasi kwenye mwanya, akapiga nyundo. Kigae hakikutikisika. Akapiga tena. Gundi ilikuwa imeshashika, na ilishika kama ilivyoagizwa na mwenye kuiweka.

Alihangaika na kigae cha kwanza kwa robo saa. Jasho lilimlowesha shati. Kilipotoka kilitoka vipandevipande, kikaondoka na kipande cha plasta. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri namba thelathini na sita alisoma tangazo lililobandikwa pembeni, "Tahadhari, vigae vimelegea," akamtazama mzee anavyotweta, akasoma tena.

"Mzee wangu," aliuliza, "mbona vimelegea na havitoki?"

Watu wakacheka. Baba naye alicheka, akijifuta uso kwa kiwiko. Binti ndiye ambaye hakuweza. Alisimama pembeni na karatasi yake mpya, akitazama maneno yanayoyeyuka machoni, huku kila kigae kikibisha kutoka na kila kimoja kikimsuta Katibu na fomu yake.

Ilipofika saa nane kona ilikuwa wazi. Baba alichanganya gundi, akaichota kwa mwiko, akanyoosha mkono kuomba karatasi. Juu kabisa, kabla ya safu ya kwanza, palikuwa na mstari ambao haukuwepo kwenye ile ya zamani: *Kona ya chini kulia haina mraba mkubwa. Haikusahauliwa. Usiongeze.*

"Umeniandikia mimi?"

"Nimewaandikia mafundi wote. Kile kipande cha programu nimewapelekea wenye maktaba, kitakaa humo kwa yeyote atakayekitaka. Wameniuliza mstari huo ni wa nini."

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia fundi akiuliza, ajibiwe."

Baba aliusoma tena ule mstari, kisha akairudisha karatasi mikononi mwa binti. Akageukia ukuta, akapaka gundi, akainua kigae cha kwanza, akangoja hivyo, amempa binti mgongo.

"Mikono yangu ina gundi," alisema. "Safu ya kwanza, upande wa kulia. Soma, fundi."

Binti aliweka kidole kwenye safu ya kwanza.

"Vyeupe viwili," alisoma. "Cheusi kimoja."